Msanifu wa Gede ni Nani?

Katika vyuo vinavyofunza ubunifu na usanifu majengo kuna zoezi moja lililozoeleka kiasi kwamba hakuna tena anayeuliza sababu yake. Mwanafunzi huambiwa achague msanifu mashuhuri, akusanye michoro na picha za majengo yake, aandike habari za maisha yake, kisha aeleze ni vipi fikra za bwana huyo (maana aghalabu huwa bwana) zinavyojidhihirisha katika kuta alizozisimamisha. Zoezi lenyewe ni zuri. Hulifunza jicho kuona kile ambacho hapo awali lilikuwa likikipita tu. Lakini limejengwa juu ya sharti ambalo halikuandikwa popote: kwamba jengo lisilo na jina la mtu si kazi ya msanifu, na kwa hiyo halina la kumfunza msanifu wa kesho.

Uzito wa sharti hilo niliutambua mwaka huu, pale binti mmoja, mzaliwa wa Kilifi anayesomea ubunifu katika chuo fulani jijini Nairobi, aliponijia ofisini na daftari lililojaa michoro. Kwa zoezi lake alikuwa amemchagua Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano aliyeisanifu Ngome ya Yesu kule Mombasa. Hakuna aliyepinga chaguo hilo. Alikwenda Mombasa, akapima, akachora, akasoma. Ila basi la kutoka Kilifi kwenda Malindi hupita kwenye njia panda ya Gede, na katika likizo moja binti huyu aliteremka hapo, akaingia msituni, akashinda humo kutwa nzima. Aliporudi chuoni aliomba abadilishe mada. Jibu alilopewa na msimamizi wake lilikuwa fupi: taja jina la msanifu, nawe utaruhusiwa. Akadhani kwamba mtu wa isimu, aliyezoea kupekua maandishi ya kale, huenda akawa amelikuta jina hilo mahali. Akaniuliza, "Mwalimu, msanifu wa Gede ni nani?"

Nitaanza na Cairati, kwa sababu ni haki yake na kwa sababu kisa chake si chepesi kama kinavyosimuliwa. Alikuwa mtumishi wa Mfalme Filipo wa Pili wa Uhispania, ambaye wakati huo alikuwa akitawala Ureno pia, naye alitumwa Goa kuwa msanifu mkuu wa ngome za Wareno katika Bahari ya Hindi. Alishughulikia ngome za Malacca, Daman na Bassein kabla ya hii ya Mombasa, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593. Alifariki Goa mwaka 1596. Ramani yake ilifuata fikra za Italia za zama zile, kwamba umbo kamili ni lile linalotokana na vipimo vya mwili wa mwanadamu. Ndiyo maana ukiitazama ngome kutoka angani unaona kitu chenye kichwa, mikono na miguu. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na jina la Cairati limeandamana nayo hadi leo.

Lakini tazama yaliyoifika ngome hiyo baada ya msanifu wake kufariki. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliiteka. Baada ya mazingira ya tangu 1696 hadi 1698 iliangukia mikononi mwa Waomani, nao wakaongeza, wakaziba na wakainua walivyotaka. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikawa makumbusho. Hata lugha yetu imeiandika historia hiyo kwa mkato wa ajabu: neno "gereza" tulilichukua kutoka kwa Wareno, ambao kwao neno lililolizaa, igreja, maana yake ni kanisa. Kanisa, ngome na jela vikakutana katika silabi tatu. Ni nani basi msanifu wa ukuta anaougusa mtalii leo? Cairati ni jibu la ukurasa wa kwanza tu.

Sasa twende Gede. Mji huu uko kiasi cha kilomita 16 kusini ya Malindi, umbali mfupi kutoka baharini, ndani ya msitu ulioumeza na, kwa kuumeza, ukauhifadhi. Uliinuka karibu na karne ya 11 au ya 12, ukastawi hasa katika karne ya 15, na ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Una kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na ule wa nje unazunguka ardhi ya hektari zipatazo 18. Kuna msikiti mkuu, kasri, visima, vyoo vya ustadi unaostaajabisha, na nyumba za mawe zilizobanana kando ya kasri. Kuna kaburi lililochongwa tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Wareno waliofika Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498, na wale waliofuata, hawakuacha maandishi yanayoutaja mji huu, ingawa Malindi waliifahamu kama kiganja cha mkono. Mwezi Julai 2024 nao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Miaka kumi na mitatu baada ya Ngome ya Yesu! Msomaji ataamua mwenyewe kama tofauti hiyo ina uhusiano wowote na jina la Cairati. Mimi nashuku tu.

Aliyeufukua ni James Kirkman, aliyeanza kazi hapo mwaka 1948. Alikuta nyumba zisizo na majina, na kwa kuwa mwanaakiolojia hawezi kuandika ripoti juu ya vitu visivyo na majina, aliziita kwa vile alivyoviokota ndani yake. Kukawa na Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Ilikuwapo pia Nyumba ya Makauri na Nyumba ya Bakuli la Kauri, na hapa Kiswahili kinatuchezea mchezo mzuri, kwani neno "kauri" kwetu ni yule kombe mdogo aliyekuwa akitumika kama fedha, na pia ni vyombo vyeupe vilivyotoka China. Wazungu nao walipita njia ile ile. Jina lao la vyombo hivyo lilitokana na neno la Kiitaliano la kombe huyo huyo. Simlaumu Kirkman. Nasema tu kwamba majina hayo yanatueleza mwenye nyumba alinunua nini au aliangusha nini, wala hayagusi jinsi nyumba ilivyofikiriwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa binti lilikuwa swali. Nilimuuliza: je, msanifu wa Kiswahili ni nani?

Alicheka, akidhani namtania. Lakini neno "msanifu" lenyewe ndilo lililonipeleka huko. Shina lake ni la Kiarabu, lenye maana ya kupanga vitu kwa aina zake na pia kutunga kitabu. Sisi tumelitia katika kazi mbili. Mwenye kubuni majengo ni msanifu majengo, na lugha inayofunzwa shuleni ni Kiswahili sanifu. Kiswahili sanifu kina tarehe na kina wasimamizi: mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi, na kuanzia 1930 Kamati ya Lugha ikashika kalamu na mkasi. Hilo ni jengo lenye jina. Lakini kamati ile haikuunda ngeli. Haikuamua kwamba "m-tu" wingi wake uwe "wa-tu", wala haikubuni vitenzi vyetu vinavyobeba nafsi, wakati na mtendwa katika neno moja. Hayo yalikuwapo kabla ya kamati yoyote, na wala si katika Kiswahili peke yake. Wanaisimu wameliweka Kiswahili katika kundi moja na lugha za Mijikenda, Kipokomo, Kielwana na lugha za Ngazija na visiwa jirani, na kundi hilo wameliita Sabaki, kwa jina la mto unaomwaga maji yake baharini hapa hapa kaskazini ya Malindi. Binti huyu, ambaye nyanya yake humsemesha Kigiriama, amekulia katikati ya sarufi hizo mbili ndugu. Hajapata kumsikia mtu akidai kwamba Kigiriama hakistahili kusomwa hadi apatikane aliyekitunga.

Nyumba za mawe za mwambao zina sarufi ya namna hiyo hiyo, na sarufi hiyo husomeka. Chukua kipimo cha chumba. Anayeingia nyumba za Gede kwa mara ya kwanza hushangaa kuona vyumba virefu vyembamba, kama vichochoro vilivyozibwa pande mbili. Sababu iko juu ya kichwa chake, au ilikuwapo kabla paa halijaanguka. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi inayozidi sana mita 3 huku imebeba tabaka zito la mawe na chokaa. Fundi aliweza kukiongeza chumba urefu apendavyo. Upana ulikwisha kuamuliwa na mti uliokatwa kwenye hori. Wafanyabiashara wa miti hiyo walikuwa, na wangali, na majina ya kila unene, kuanzia fito na pau, kisha mazio, kisha boriti, hadi nguzo. Orodha hiyo kwa mtu wa mjini ni msamiati wa kukariri. Kwa fundi ni hesabu: ukitaja jina umetaja mzigo utakaobebwa.

Au litazame neno "sakafu". Kwa Waarabu tuliowakopa, neno hilo ni la paa, kile kilicho juu ya kichwa. Kwetu ni kile kilicho chini ya nyayo. Mwalimu wa shule aweza kusema kwamba Waswahili waliliazima wakakosea. Sivyo. Katika nyumba ya mawe ya mwambao, bapa lile la chokaa na mawe lililopigwapigwa hadi likashikana ndilo paa la aliye chini, na ndilo hilo hilo linalokanyagwa na aliye juu. Ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili, na lugha ikauchagua upande wa anayesimama. "Ghorofa" nalo, ambalo kwa wenyewe ni chumba, kwetu limekuwa tabaka zima la nyumba. Maneno haya ni michoro. Yana habari za ujenzi ambazo hazipatikani katika karatasi yoyote ya karne ya 15, kwa kuwa karatasi hizo hazikuwahi kuwapo.

Wapo waliolitambua jambo hili mapema. Peter Garlake, aliyesomea usanifu majengo kabla ya kuhamia akiolojia, alizunguka mwambao akipima misikiti na nyumba, na mwaka 1966 akachapisha kitabu chenye ramani ambazo wanafunzi wanazitegemea hadi leo. Usam Ghaidan, msanifu majengo mzaliwa wa Iraki aliyefundisha Nairobi, alifanya kazi ya namna hiyo kule Lamu na kuitoa mwaka 1975. Ghaidan alikuwa na bahati moja ambayo Garlake hakuipata Gede: nyumba za Lamu zilikuwa na watu ndani, na watu hao walikuwa na maneno. Wakaeleza daka, pale mlangoni penye mabaraza ambapo mgeni husimamishwa kwa heshima bila ya kuingizwa, kisha kiwanda, uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu, kisha misana, zile kumbi ndefu zinazofuatana moja baada ya moja, kisha ndani. Nataka mwalimu wa sarufi asimame kidogo hapa. Katika Kiswahili cha shuleni "ndani" ni kielezi. Katika nyumba ya Lamu ni nomino, ni jina la chumba, na ni mahali ambapo mtu asiye wa nyumba hiyo hafiki. Faragha iligeuzwa kipimo cha ujenzi: kadiri unavyokwenda mbele ndivyo unavyopanda sakafu, ndivyo mwanga unavyopungua, na ndivyo wanaoruhusiwa wanavyokuwa wachache.

Nilimwonya binti asichukue majina ya Lamu ya karne ya 18 na kuyabandika Gede ya karne ya 15 kama vibandiko vya bei. Zidaka (ndivyo wasemavyo wenyewe wa Lamu, kwa "zi" pale ambapo sanifu ingesema "vidaka"), ile safu ya vijumba vya plasta vilivyochongwa ukutani, haziko Gede kwa wingi na urembo ule. Gede kuna mashubaka ya taa kando ya milango, machache na ya kiasi. Lakini mpangilio wa kutoka wazi kwenda siri upo: ua unaoteremkiwa kwa ngazi, ukumbi mrefu, vyumba vya kulala nyuma yake, ghala, choo. Ni lahaja mbili za lugha moja, zilizopishana kwa karne tatu.

Hata hivyo sitaki kudhaniwa kuwa nasema nyumba hizi zilijengwa na "jamii", neno ambalo wasomi wetu hulitumia wanapochoka kutafuta. Sarufi haisemi, husema mtu. Katika kasri la Gede kuna aliyeamua ua wa baraza la hukumu uwe wapi na wa wanawake uwe wapi. Katika msikiti mkuu kuna aliyechagua tumbawe la baharini, akalichonga lingali laini, akalingoja likauke. Na nje ya nyumba hizo za mawe waliishi wengi zaidi, katika nyumba za udongo na makuti, ambazo hazikuacha hata kuta za kupewa majina ya mkasi na ushanga. Wote hao walikuwa na mafundi. "Fundi", ikumbukwe, ni wa ukoo mmoja na "kufunda", "kufunza" na "mwanafunzi". Huyo ni mtu aliyefundwa, naye akafunda wengine. Cheo hicho hakina haja ya kuazima heshima kutoka kwa cheti.

Ripoti ilipokuwa tayari niliombwa niisome. Chuo kilikuwa kimekubali Gede iwemo kwa sharti kwamba Cairati abaki, na binti akayaweka majengo hayo mawili ubavu kwa ubavu. Upande wa Mombasa ulikuwa na picha ya ngome, tarehe, safari za msanifu. Upande wa Gede ulikuwa na michoro ya nyumba nne, na chini ya kila mchoro kanuni zilizoizaa: upana na sababu yake, mpangilio wa milango ili macho ya mpita njia yasifike ndani, mahali pa maji. Mwishoni kulikuwa na orodha ya maneno aliyoyakusanya kwa mafundi wa Malindi na Kilifi. Nilisoma upande huo wa pili mara mbili. Kisanduku chenye kichwa "Maisha ya Msanifu" alikiacha kitupu, na alama za kisanduku hicho zikaenda zake. Zilikuwa alama 15 katika 100.

Mimi siafiki. Mwanafunzi anayeeleza kwa nini chumba kina upana kilio nao amekwisha kuonyesha anaelewa usanifu. Mwingine aweza kunakili wasifu wa mtu wa Milano bila ya kuelewa hata dirisha moja. Na hasara si ya binti huyu peke yake. Ukipita katika mahoteli ya Malindi utaona kile kinachoitwa "mtindo wa Kiswahili": makuti juu, zidaka za saruji ukutani zisizo na kazi, mlango wa nakshi unaofunguka moja kwa moja kwenye kaunta. Waliovijenga waliona umbo, hawakusikia maneno. Msanifu chipukizi asipofunzwa Gede akiwa chuoni, atafunzwa na hoteli. Wakati huo huo mafundi wanaojua kupiga sakafu ya chokaa wanazeeka, na vijana wao wanakata mawe katika machimbo ya Kilifi kwa ajili ya kuta ambazo wengine wamezichora. Orodha ya maneno ya binti ilikuwa na maneno 63. Kwa maneno 11 kati ya hayo alimpata mtu mmoja tu wa kumweleza maana.

Kwa walimu wenzangu, hasa wa shule za huku Pwani ambao siku hizi mtaala unawataka wawape wanafunzi miradi ya kutenda, nina ombi dogo. Badilisheni swali. Badala ya "nani alijenga?", ulizeni "kwa nini imejengwa hivi na si vile?", na "sehemu hii huitwaje kwenu nyumbani?" Hamhitaji kwenda mbali. Gede iko kando ya barabara. Mnarani iko juu ya hori la Kilifi, na msikiti wake una maandishi ya kuchongwa yanayomshughulisha mtoto asubuhi nzima. Jumba la Mtwana iko Mtwapa. Chukueni kamba ya kupimia na daftari. Waacheni wapime upana wa kila chumba ambacho paa lake lilibebwa na boriti, waandike, kisha walinganishe na chumba wanacholala. Darasa litakalokuta chumba kilichozidi mita 3 kwa kiasi cha kutia shaka, bila ya nguzo wala ukuta wa katikati, naliomba liniandikie kupitia mhariri, na vipimo viambatanishwe.